Iliki na Karafuu, kabla ya kutolewa kizazi

Nilirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili kasoro robo asubuhi, koti bado mwilini, nikakuta manyoya yametapakaa kwenye zulia la sebuleni. Kishungi hapa, kishungi kule, kama godoro la sufi limetoboka. Yalikuwa ya rangi ya maziwa, na wa rangi ya maziwa ni Iliki. Karafuu, mwenye rangi ya jina lake, alikuwa chini ya meza, masikio kayalaza mgongoni, mkia kausimamisha. Iliki alikuwa amejibana nyuma ya sofa. Tangu waingie nyumbani kwangu, sungura hawa wawili, ndugu, walikuwa wakilala wamegusana. Sasa sebule nzima ilikuwa katikati yao.

Ilikuwa Januari. Walikuwa wametimiza miezi 4 na siku kadhaa.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu wiki iliyopita dada mmoja tunayekutana naye kwenye shughuli za Waswahili hapa mjini aliniuliza swali. Ana sungura majike wawili wa miezi mitatu na nusu, mmoja ameanza kumpanda mwenzake, na upasuaji bado miezi miwili. Awatenge? Nilimjibu kwenye simu kwa dakika tano, nikiwa naelekea kazini, na nilipokata simu nikajua sijamjibu.

Tunaishi Leicester, Uingereza, mimi na binti yangu wa miaka 9 na mdogo wangu anayelala naye ninapokuwa kazini. Ni nyumba ya kupanga, vyumba viwili juu, sebule na jiko chini. Nahudumia wazee, zamu nne za usiku kwa wiki. Sungura tuliwapata Novemba wakiwa na wiki 10, kutoka kwa familia iliyouziwa majike wawili, na baada ya miezi michache ikaamka ikakuta watoto sita kwenye banda. Kwa hiyo kabla hata binti yangu hajawapa majina niliwapeleka kwa daktari wa wanyama wakaguliwe. Sungura akiwa mchanga maumbile yake hayajajitokeza vizuri, na hata mfugaji wa siku nyingi hukosea. Dume wa miezi minne hajui dada wala mama, na mimba ya sungura huchukua kama siku 31 tu. Daktari aliwapindua mmoja mmoja kwenye taulo, akasema wote majike, wana afya, wachanjwe, kisha turudi wakikaribia miezi 6 watolewe kizazi.

Mama yangu yuko Tanga. Nilipompigia kumweleza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, jike na jike hawakai banda moja. Wakishapevuka watararuana. Watenge sasa hivi, kabla hujaona damu."

Sikumbishia, kwa sababu anajua anachokisema. Nimekua nikiona mabanda ya sungura ya mbao nyuma ya nyumba yetu, yenye miguu mirefu na sakafu ya waya, kila jike na chumba chake. Wale walikuwa wa kuzaa na kuliwa. Jike mwenye mimba au mwenye watoto hataki mwenzake karibu, na chumba chenyewe ni futi mbili kwa tatu. Anayefukuzwa hana pa kukimbilia. Kwa ufugaji ule, kutenga ni sahihi kabisa. Wangu hawatazaa, na wamepewa sebule nzima. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, naye akaniuliza swali ambalo nadhani kila mtu wa nyumbani angeliuliza: mnyama mzima, haumwi, kwa nini akatwe tumbo?

Kwa sababu ya saratani ya mji wa mimba. Jike wa sungura asiyetolewa kizazi huipata kwa kiwango cha kutisha. Kwa baadhi ya aina, wakishapita miaka 4, ni zaidi ya nusu yao. Sungura wa kitoweo hafiki umri huo, ndiyo maana Mama hakuwahi kuiona. Sungura wa ndani anaweza kuishi miaka 8, 10, hata zaidi. Mama alinyamaza kidogo. "Basi watoe," akasema. "Lakini hiyo miezi ya katikati, uwe macho."

Miezi ya katikati ilianza wiki ya pili ya Januari. Karafuu ndiye aliyeanza. Alimzunguka Iliki huku akitoa mguno mdogo wa puani, kama nyuki ndani ya chupa, kisha akampanda mgongoni na kung'ang'ania. Iliki akakimbia. Karafuu akamfuata, wakazunguka meza mara mbili, kisha wote wakasimama na kuanza kula hei, yale majani makavu yao, kama hakuna lililotokea. Binti yangu alishtuka: "Mama, si ulisema wote wasichana?" Nilimweleza kwamba majike hupandana pia, ndivyo wanavyoulizana nani mkubwa. Homoni zimeamka, na huku mwezi huo siku zinaanza kurefuka, na mwanga unaoongezeka huwaambia sungura kwamba msimu wa kuzaa umefika. Sungura mwitu majike hugombea mashimo. Shimo zuri, kavu, lenye udongo wa kuchimbika, huchukuliwa na jike mwenye nguvu, na dhaifu hujizalia pembeni. Karafuu hajawahi kuona shimo maishani mwake, lakini kona ya nyuma ya televisheni ilikuwa imeshakuwa shimo lake, na ole wake atakayepita.

Hayo yote nilikuwa nimeyategemea. Kilicholeta manyoya kwenye zulia ni kosa langu mwenyewe.

Siku moja kabla, jicho la Karafuu lilikuwa likitoa machozi. Nilimpeleka kliniki peke yake, nikaona kwamba kumbeba na Iliki ni kumsumbua bure. Akashikwa na mikono iliyonusa dawa, akakaa saa nzima kwenye chumba cha kungojea pamoja na mbwa wawili. Jicho lilikuwa na vumbi la hei tu. Nikamrudisha saa kumi na moja jioni, nikamfungulia mlango wa kisanduku katikati ya sebule, nikaoga, nikaenda kazini.

Sungura humjua mwenzake kwa harufu kabla ya sura. Aliyeingia sebuleni jioni ile, kwa pua ya Iliki, alikuwa sungura mgeni mwenye harufu ya mbwa. Na Karafuu alikuwa tayari kwenye wiki zake za hasira. Mdogo wangu alisikia vishindo usiku, akadhani ni majirani.

Nilimtoa Iliki nyuma ya sofa, nikampakata, nikampapasa mwili mzima kwa ncha za vidole, kinyume cha manyoya: shingo, kidevu, masikio, mgongo, tumbo, sehemu za siri. Hapo ndipo wanapoumana, na ngozi yao ni nyembamba mno. Jeraha dogo la jino ukilikosa leo, baada ya wiki unakuta jipu, na usaha wa sungura hautiririki kama wetu. Ni mzito kama jibini, hautoki wenyewe. Nilikuta upara mmoja kwenye paja, ukubwa wa sarafu. Ngozi haikuchanika. Nikamkagua na Karafuu. Salama.

Nikapiga simu kliniki. Aliyepokea aliniambia niwaweke vyumba tofauti mpaka siku ya upasuaji, yaani wiki saba. Nilikaribia kufanya hivyo. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi na sare ya shule, analia kimyakimya. Kisha daktari mwenyewe akanipigia mchana, akaniuliza maswali manne: kuna damu? Wote wanakula? Wote wanakunya? Wakikutana, wanarukiana palepale au wanakwepana? Nikamjibu. Akasema hapo hakuna kilichovunjika bado, ila nikiwatenga kwa ukuta wiki saba kitavunjika, kwa sababu watasahau harufu, na baada ya upasuaji nitakuwa na sungura wawili wasiojuana. Kuwaunganisha upya majike waliokwisha kuwa maadui huchukua wiki nyingi, na wengine hawaungani tena.

Basi jioni ile nikawapeleka bafuni. Bafu letu liko juu, hawajawahi kulikanyaga, kwa hiyo hapakuwa pa mtu. Nikatandika taulo moja kubwa sakafuni wasiteleze, nikamwaga kilima cha hei katikati, nikatawanya kotimiri kila upande ili wasigombee sehemu moja. Nikachukua kitambaa nikamsugua Iliki mashavuni na chini ya kidevu, penye tezi za harufu, kisha kitambaa kilekile nikampaka Karafuu, na kurudi. Nikakaa kwenye kiti cha choo na taulo nzito magotini, tayari kuwarushia.

Dakika 20 za kwanza walikula wamepeana mgongo. Karafuu akasogea, akanusa sikio la Iliki. Iliki akatoa ukoromo mfupi. Karafuu akarudi nyuma. Nikaacha. Nadhani ilikuwa dakika ya 40 na kitu. Karafuu alisogea tena, safari hii polepole, tumbo linakaribia kugusa taulo, akainamisha kichwa na kukisukuma chini ya kidevu cha Iliki. Akabaki vile. Sungura akifanya hivyo anaomba arambwe. Iliki aligeuza uso. Karafuu hakutoka. Pua zote mbili zilikuwa zinacheza haraka haraka, nikawa nahesabu pumzi zangu. Halafu Iliki akainama, akamramba paji la uso mara moja, kama anayeonja chumvi. Akatulia. Akamramba tena, na hakuacha mpaka manyoya ya Karafuu yalilowa katikati ya macho.

Binti yangu alikuwa nje ya mlango. Nilimwita kwa ishara ya kidole aone kupitia uwazi.

Sikuwarudisha sebuleni pamoja usiku ule, maana nilikuwa na zamu na sikuwa tayari kuwaacha bila jicho. Lakini sikuwatenga kwa ukuta. Nilipanga wavu wa vyuma katikati ya sebule, safu mbili zenye nafasi ya vidole vinne baina yake, kwa sababu kupitia safu moja wanaweza kuumana pua. Kila mmoja alikuwa na trei yake ya choo, maji yake na hei yake, na hei niliiweka ubavuni mwa wavu ili wale wakitazamana. Kila asubuhi nikirudi nawabadilisha: Iliki upande wa Karafuu, Karafuu upande wa Iliki, trei na blanketi hazihami. Mchana bafuni, saa moja, kisha mbili, kisha nusu siku. Usiku wa tano nilikuta kila mmoja amelala ubavu akiwa amejibana kwenye wavu upande wake. Usiku wa tisa ulikuwa wa mapumziko yangu. Niliuondoa wavu, nikatandika godoro langu sebuleni, nikalala nao.

Kabla ya kuwaunganisha nilikuwa nimeigeuza sebule. Sanduku la mlango mmoja nikalitoboa mlango wa pili. Sungura akifukuziwa mahali penye njia moja hana budi kupigana. Trei mbili, bakuli mbili, hei sehemu tatu. Ile kona ya televisheni nikaiziba kabisa kwa ubao. Na kile kizimba cha wiki za kwanza, ambacho kiliuzwa kwa jina la nyumba ya sungura wawili, nikakitoa nje. Rabbit Welfare Association & Fund, shirika la hapa Uingereza linalotetea sungura, linasema jozi ipate nafasi isiyopungua mita 3 kwa 2, kimo mita 1, mchana na usiku. Nilipoyapima yale maneno kwa tepu sebuleni nilielewa kwa nini kizimba kilikuwa kinanitisha bila kujua sababu.

Kupandana hakukuisha. Nilijifunza kuhesabu: sekunde kadhaa, halafu anashuka au anakimbiwa, naacha. Akipanda kwa upande wa kichwani, namshusha mara moja, maana wa chini anaweza kung'ata sehemu za siri na kuharibu vibaya. Akimfukuza mwenzake hata asile, nawatuliza kwa kuwatawanyia majani, au nausimamisha tena wavu katikati yao kwa saa mbili. Kinachowatenganisha moja kwa moja ni damu, au ule mviringo ambapo kila mmoja amekamata ubavu wa mwenzake na wanazunguka kama kimbunga. Hapo usitie mkono mtupu. Taulo, mto, glavu za jikoni, chochote. Nashukuru Mungu ule mviringo sijauona.

Februari Iliki akaanza mambo mapya. Nilimkuta na hei mdomoni imetokeza pande zote mbili kama masharubu, anaibeba kona ya chini ya ngazi. Akaitupa, akarudi kuchukua nyingine. Kesho yake alikuwa anajinyofoa manyoya ya kifuani na kuyapanga juu ya hei. Moyo ulinipasuka, nikafikiri daktari alikosea, kuna dume. Haikuwa hivyo. Jike wa sungura hutoa mayai baada ya kupandwa, na kupandwa na jike mwenzake kunaweza kutosha kuudanganya mwili. Mimba ya uongo. Ilichukua siku 17. Siku hizo zote alimkoromea Karafuu akisogelea kile kiota, na hata mimi aliniparua kiganja. Sikukibomoa, maana ukikibomoa anajinyofoa tena kujenga kingine. Niliweka trei ya ziada upande wa pili ili Karafuu asilazimike kupita pale. Karafuu, aliyekuwa mbabe mwezi mzima, akawa anakaa hatua mbili kutoka kwenye kiota, amejikunja kama mkate, anangoja. Siku ya 18 Iliki akatoka, akamlalia begani.

Upasuaji ulikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Nilishikilia kwamba wafanyiwe wote siku moja, wasafiri kwenye kisanduku kimoja, walazwe kizimba kimoja kabla na baada. Baada ya lile la Januari hakuna ambaye angenibadilisha mawazo. Gharama ilikuwa chungu, kuilipa mara mbili kwa mpigo, na nilikuwa naweka akiba tangu Novemba. Sungura hafungi kula kabla ya nusukaputi, tofauti na mbwa na paka. Hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama ndipo hatari inapoanza. Niliwafungia hei yao wenyewe na kotimiri kwenye mfuko, pamoja na lile taulo la bafuni, halijafuliwa.

Nikawachukua saa kumi jioni. Walikuwa wamelala kichwa cha huyu kwenye ubavu wa huyu, macho nusu, matumbo yamenyolewa. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya zamu mbili. Karafuu alitafuna jani la kwanza saa tatu usiku. Iliki hakutaka. Nikampa dawa ya maumivu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na saa sita nikaanza kumpa uji wa majani makavu, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, mililita moja, nangoja ameze, nyingine. Trei ya choo ilikuwa tupu. Nimekaa na wazee wengi usiku wa aina hiyo, ninajua unavyohesabu vitu vidogo. Karafuu hakuondoka ubavuni mwake. Kila nilipomaliza kumlisha, yeye humramba uji uliobaki kidevuni.

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri Iliki alitambaa hadi kwenye trei, akakaa, akashuka. Nikawasha tochi ya simu. Vidonge vitano vya kinyesi, vidogo kuliko njegere kavu. Nikavipiga picha nikamtumia Mama. Tanga kulikuwa kumeshakucha, na jibu likaja palepale: "Alhamdulillah. Na yule mwingine amekula?"

Homoni hazitoki siku ya upasuaji. Karafuu aliendelea kumpanda mwenzake mpaka katikati ya Aprili, kila wiki kwa nguvu ndogo zaidi, na wavu niliuacha umesimama ukutani kwa sababu hiyo. Tarehe 20 Aprili niliukunja nikauweka chini ya ngazi, pale palipokuwa na kiota. Dada aliyenipigia wiki iliyopita anakuja Jumamosi kuuchukua.